Swali Ambalo Karani Hakuliandika

Kasungwa, kwa njia ya stesheni ya Kaliua
Jumatano, 21 Novemba 1956

Kwa Sylvester, ndugu yangu na mtani wangu, huko kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe.

Salamu zangu zikufikie zikukute umekaa kivulini, panga umeliweka chini na jasho limekauka. Je, afya yako? Lile bega lililokuwa likikusumbua ulipoondoka limepona, au bado unalikanda kwa maji ya moto? Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata, na picha uliyopigwa umevaa suruali ndefu niliizungusha Kasungwa nzima. Watu walisema umenenepa. Nikawaambia si kunenepa, huyo ni Mnyamwezi aliyekosa mzigo wa kubeba kichwani, sasa anaubeba tumboni. Walicheka sana, na wewe ukirudi unidai jibu lako.

Kwa kawaida hapa ndipo ningekuandikia kwamba sisi sote huku ni wazima wa afya. Safari hii nimeshindwa. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi, na karatasi mbili mke wangu amekwisha washia moto. Kwa hiyo nakuomba uketi, uisome peke yako, usimpe mwenzako akusomee kwa sauti kambini. Natanguliza lililo jema: Tekla mkeo yu hai. Amejifungua Jumamosi iliyopita, mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi na sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alijifungulia ikulu kwa Mtemi, mikononi mwa Imakulata mkunga. Shika hilo moyoni kwanza.

Najua utajiuliza mke wako alifikaje ikulu, mtu asiye na ndugu hata mmoja kule. Huko ndiko ninakokwenda, ila itabidi nirudi nyuma kidogo, unisamehe.

Unakumbuka mwaka jana ulivyonisukuma nigombee ujumbe wa baraza. Nilikataa, nikasema mimi mjukuu wa pagazi wa Kizaramo nitakwenda kusema nini mbele ya Mtemi na wanangwa wake wanaomtawalia vijiji. Ukaniambia kwamba mdomo kama wangu ni hasara kuutumia kwenye harusi tu. Kisha ukaacha mzaha, ukanikumbusha watoto wako wawili uliowazika, yule aliyezaliwa kando ya njia ya Kaliua na yule ambaye hakufika hata huko. Ukasema nyumba ya wazazi, ya wanawake kujifungulia, ikijengwa Kasungwa wewe hutaomba kitu kingine kwa serikali yoyote. Kwa ajili hiyo nikakubali, na kwa ajili hiyo ulizunguka vijiji vitano ukiniombea kura kwa miguu yako mwenyewe.

Tulipoapishwa Bwana Shauri alikuja kutoka boma la Tabora akatueleza kazi. Alisema boma limekwisha mkabidhi Mtemi zahanati, shule za chini na visima, kwa hiyo mambo hayo sasa ni ya serikali ya Mtemi, si ya Wazungu. Na sisi wajumbe tisa wa kuchaguliwa ndio wa kuiangalia serikali hiyo. Mjumbe anauliza, karani anaandika swali, Mtemi hana budi kulijibu, na kitabu kinakwenda boma kila baada ya miezi mitatu. Alirudia mara mbili kwamba lisiloandikwa kitabuni boma haliwezi kulijua. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi nyumba ilijengwa, uliiona misingi yake kabla hujaondoka. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba viwili na baraza pana, ikamalizika wiki ya Pasaka. Mkunga naye alikuwa amekwisha kuja tangu Januari, huyo Imakulata, binti mpole aliyefundishwa na masista, na barua yake ya kazi inasema wazi kwamba kituo chake ni Kasungwa. Ila alipopita ikulu kutoa heshima, Mtemi alisema akae pale kwanza mpaka nyumba iishe. Nyumba ikaisha. Wake wawili wa Mtemi walikuwa wajawazito, na mama yake mzee ana kidonda cha mguu kinachotaka kufungwa kila siku, basi ikawa leo, ikawa kesho. Simwiti Mtemi mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kwamba kizuri kikiingia uani kwake hakitoki upesi.

Nyumba tupu nayo haikukaa tupu. Mwanangwa Modest, ambaye ndiye mwenye ufunguo, aliona bati zuri lisilovuja, akaingiza madebe yake ya asali na mafungu ya nta akingoja bei ya Tabora. Kufika mwezi wa sita nyuki walikuwa wamejaa madirishani, na wanawake wakawa wanazunguka mbali kwenda kisimani wasiumwe.

Dada yako Pelagia hakulivumilia. Umemlea mwenyewe tangu wazazi wenu walipofariki, sina haja ya kukueleza ulimi wake. Alikuwa na mimba ya tatu, changa bado, Anton mumewe yuko na kazi yake ya reli upande wa Mpanda, naye akajifunga kanga akashika ile njia ya zamani ya Ujiji, kijiji kwa kijiji, akiandika majina ya wanawake waliojifungulia porini au njiani tangu Pasaka. Alipata kumi na mmoja. Wawili kati yao hawakurudi nyumbani. Siku moja asubuhi nakunywa uji, akaja, akaiweka ile karatasi ya daftari juu ya bakuli langu. Alisema Anton alinipa kura kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia anipe, kwa hiyo deni ni lake, nami nimlipe kwa kuyasoma majina yale barazani, yote, bila kuruka. Nilimwapia kwa Mungu.

Baraza lilikaa mwezi wa nane. Nilivaa kanzu nyeupe, karatasi mfukoni. Usiku wa kuamkia siku ile sikula, na njia nzima nilikuwa nasoma majina kimoyomoyo juu ya baiskeli. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Wanangwa wote wamekaa mkono wa kulia wa Mtemi, Modest katikati yao, na kila mmoja ananitazama kama anayenipima kaburi. Mtemi mwenyewe alikuwa ananitazama kwa uso mwema, akingoja nimchekeshe, maana hivyo ndivyo tulivyozoeana. Mkono ulikuwa mfukoni umeshika karatasi, Sylvester. Haukutoka.

Nilifanya ninalolijua. Nikamwambia Mtemi kwamba huko Kasungwa tumepata habari ya kheri, kwamba mwaka huu aliyebeba mimba ni yeye mwenyewe, maana mkunga wetu analala kwake miezi saba sasa. Basi tunaomba atuambie anajifungua lini ili tupate zamu nasi. Baraza lote lilivunjika mbavu. Mzee Alois, mwenyekiti wetu, kofia ilimdondoka. Mtemi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akajibu kwamba kweli ni mimba, tena ya Mzaramo, ndiyo maana haijazaliwa lakini imekwisha anza kusema. Wakacheka tena kuliko mwanzo.

Karani Anselm peke yake hakucheka sana. Aliinua kalamu, akauliza aandike au asiandike. Mtemi akasema tangu lini maneno ya watani yakaandikwa. Na ni kweli, wewe na mimi tumelelewa hivyo: neno la utani halishtakiwi, halitozwi faini, halibebwi kupelekwa mahali. Babu yangu aliletwa hapa na msafara wa pembe za ndovu, akaugua, babu yako akamlaza nyumbani kwake, na tangu siku hiyo mimi naweza kumwambia Mnyamwezi yeyote neno ambalo mwingine angelilipia ng'ombe. Anselm alinitazama mimi, akingoja. Nikampungia mkono kwamba aache tu. Akauweka wino pembeni tukaingia habari za visima.

Njiani kurudi nilijiambia nimefanya vizuri, kwamba Mtemi amelisikia, na mtu akisikia kwa kicheko husikia vilevile. Pelagia alipopata habari hakucheka. Aliniuliza kama majina yamesomwa. Nilipomwambia hapana, akasema kwamba nimempelekea Mtemi kichekesho kilichotengenezwa kwa wanawake wawili waliokufa. Nilikasirika, nikamwambia mambo ya baraza ana haraka nayo kwa sababu hayajui. Ningependa neno hilo nilirudishe mdomoni.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Tekla akaanza kutokwa na damu. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha mkataba ukakimbia, na wanaokimbia mkonge hukamatwa. Mimi na mke wangu hatukulala siku nne. Mvua hazijaanza, ila kumpakia mtu wa hali ile kwenye gari la ng'ombe mpaka Kaliua, angoje garimoshi la Tabora, tuliogopa yatukute yaleyale ya zamani. Nikapanda baiskeli kwenda ikulu. Nilimkuta Mtemi anakula, akanikaribisha sinia, na kabla sijamaliza kueleza akasema niache kuhangaika, nimlete mke wa rafiki yangu akae uani kwake mpaka ajifungue, mkunga si yupo. Aliagiza hata gari lake la Bedfodi likamchukue. Nililia mbele yake, sioni haya kukuambia. Nilimbusu mkono.

Alimpa nafasi na Pelagia pia. Nilipomfikishia ujumbe huo, dada yako alisema yeye si mgeni wa Mtemi, nyumba yake ya kuzalia ni ile pale yenye nyuki, na kama kumi na mmoja hawakuitwa uani yeye ataitwa kwa lipi. Nilimsihi. Mke wangu alimsihi. Akasema Tekla aende kwa kuwa anaumwa, yeye haumwi.

Mwezi wa kumi Bwana Shauri alikuja kukagua. Alisoma kitabu cha baraza, hakuona swali lolote la afya tangu mwaka uanze, akaondoka. Pelagia alikuja jioni hiyo kuniuliza, nikamwambia Mzungu hakuuliza lolote juu ya nyumba ya wazazi. Akasema basi tutamwandikia tena, akatuma kununua daftari jingine. Lile neno lake la "tena" lilinichoma, na utaona kwa nini.

Sasa ndugu yangu, nakuomba ujikaze. Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na tano, alfajiri, uchungu ulimkamata Pelagia, wiki tatu kabla ya siku zake. Mwanzo aliwafukuza wanawake akisema wasimjazie nyumba, huyu ni wa tatu, anaijua njia. Saa nne damu ilianza, nayo haikusimama. Wakambeba na kitanda chake mpaka nyumba ya wazazi, wakidhani angalau kuna dawa ndani. Modest alikuwa Kaliua na nta yake, ufunguo mfukoni. Mimi nilikuwa nimekwisha ondoka na baiskeli kwenda ikulu, nikianguka na kuinuka kwenye mchanga. Nilifika saa nane. Imakulata hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikuwa anafua, akaacha nguo kwenye maji, akachukua mkoba wake akakaa nyuma ya baiskeli.

Tulipofika jua lilikuwa bado halijatua. Wanawake walikuwa wameuvunja mlango kwa mchi, wakakuta madebe mpaka darini, hakuna mahali pa kumlaza mtu. Walikuwa wamemlaza barazani, nje, juu ya kanga zao, na wengine walikuwa wanamfukuzia nyuki kwa matawi. Alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alilia kidogo, walisema, kisha akamfuata mama yake. Imakulata alipiga magoti akamgusa, halafu akakaa chini palepale akaniambia kwa sauti ndogo kwamba damu ile ameizuia mara nyingi, kwamba si jambo kubwa ukiwahi. Aliniambia mimi. Hakujua anamwambia nani.

Tumemzika Ijumaa, kando ya mama yenu, padri alikuja. Anton alifika kwa toroli ya reli. Nawe unajua kazi yangu kwenye mazishi yenu. Ni mtani ndiye anayeanza kuchimba, na ni mtani ndiye anayesema upuuzi wake pale kaburini ili wafiwa wapumue. Watu waliningoja. Bibi zako walinigeukia kabisa, na mmoja akanigusa bega. Nilichimba, Sylvester, nilichimba mpaka viganja vikatoka ngozi, lakini neno halikutoka, na watu wakaondoka pale na msiba wao wote mzima. Wakadhani ni uchungu. Haukuwa uchungu tu.

Nimekuandikia hapo juu kwamba Bwana Shauri alisoma kitabu akaondoka. Nimekuficha. Yeye hakuja kukagua tu, alikuja kwa sababu alipata barua isiyo na jina, na alipoitoa bahashani niliitambua karatasi ya daftari kutoka mbali. Alisimama mbele ya baraza akauliza kama kuna mjumbe yeyote aliyepata kuuliza habari za mkunga wa Kasungwa. Tukanyamaza. Ndipo Anselm karani, mtu ambaye hana wa kumtetea akifukuzwa, akasimama akasema kwa adabu kwamba mwezi wa nane mjumbe mmoja alisema neno juu ya mkunga huyo, na halikuandikwa kwa kuwa lilikuwa na sura ya utani. Akasema mjumbe mwenyewe yupo hapa, na aulizwe yeye kama lilikuwa utani au lilikuwa swali. Alinifungulia mlango waziwazi, mbele ya watu wote. Kilichobaki ni mimi kupita tu.

Mtemi hakunitisha. Lazima niwe mkweli kwake pia. Asubuhi ile tulipokuwa tukisalimiana alikuwa ameniambia neno moja tu, kwamba mgeni wetu wa Kasungwa amelala vizuri na jana amekula. Huenda ilikuwa habari njema tu, mtu kumpa mwenzake. Mimi niliibeba nikaingia nayo barazani, na Bwana Shauri aliponigeukia sikuona wale kumi na mmoja, sikumwona Pelagia, nilimwona Tekla peke yake amelala kwenye kitanda cha Mtemi, na wewe uko mbali. Nikasema, "Ulikuwa utani, Bwana."

Kumbe huyo Mzungu anapenda sana habari za mila. Uso ulimng'aa. Akavuta kiti, akatoa kitabu chake kidogo, akaniuliza utani ulianza lini, nani na nani wanataniana, na kama ni kweli kwamba watani huzikana. Nilimjibu yote. Nikamwigizia mtani anavyoingia msibani akajilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Nilimchekesha yeye, nikamchekesha Mtemi, nikawachekesha wanangwa. Alijaza kurasa tatu. Barua ya dada yako ilikaa mezani muda wote huo, na tulipoinuka kwenda kula hakuna aliyeigusa. Na jioni nikamwambia Pelagia kwamba Mzungu hakuuliza. Amekufa akiamini hivyo.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu baraza linakaa tena Jumatatu, tarehe kumi Desemba, na safari hii nimekwisha liandika swali kwa mkono wangu na kumpa Anselm kabla. Mstari wa kwanza unasema kwamba mimi Twalibu bin Shabani ndani ya swali hili sina utani na mtu. Amelipokea, ametia tarehe, akanishika mkono. Nimeuliza mkunga wa Kasungwa anafanya nini ikulu, ufunguo wa nyumba ya wazazi uko kwa nani na kwa amri gani, na nimetaka jibu la maandishi liende boma. Majina kumi na moja yako chini. La kumi na mbili nimeacha nafasi.

Jina la marehemu halisomwi barazani bila ruhusa ya wenye msiba. Anton nimemuuliza, akasema Pelagia alikuwa mtoto wako kabla hajawa mke wake, na wewe utakalosema ndilo. Basi nakuomba. Lakini ujue unachoruhusu. Nikilisoma jina lake, Mtemi atasema, na atakuwa na haki, kwamba mke wa kaka wa marehemu alijifungulia uani kwake kwa hisani. Sitangoja aliseme yeye. Nitalisema mwenyewe kwanza, pamoja na lile neno nililomwambia Bwana Shauri, na watu watajua mke wako alipata kitanda kwa njia gani na kitanda hicho nilikilipia kwa kitu gani. Aibu hiyo itakugusa nawe ingawa hukuitenda. Imakulata amekwisha ambiwa asitoke tena ikulu bila amri, lakini amenitumia habari kwamba akiitwa na baraza atasema alichoniambia pale chini. Anasema Tekla anaweza kusafirishwa baada ya wiki mbili, kwa hiyo kabla ya tarehe kumi atakuwa kwangu, kwa mke wangu. Nimekwisha panga na mwenye gari la ng'ombe. Lile Bedfodi sitaliomba.

Barua hii ikiwahi garimoshi la kesho itakufikia katika wiki moja. Usingoje kuandika ndefu. Nenda posta ya Korogwe upige simu ya maandishi kwa jina langu, stesheni ya Kaliua, neno moja tu, "Soma" au "Usisome." Nitakuwa nakwenda kuuliza kila siku. Ukisema nisisome, nitauliza swali bila jina lake na sitakulaumu. Ukinyamaza sitajua la kufanya, kwa hiyo hata kama hutaki kusikia jina langu tena, nakuomba usinyamaze.

Mke wangu anakupa pole na anakusalimu. Bibi zako wanakusalimu, wanasema usiache kazi, msiba umekwisha zikwa. Anton anakusalimu kwa kichwa tu. Na Tekla anakusalimu sana, anasema mtoto ana masikio yako. Yeye hajui. Imakulata amekataza aambiwe mpaka apate nguvu, na kila nikienda ananiuliza mbona wifi yake haji kumtazama mtoto. Nimemwambia Pelagia naye amekaribia, hawezi kutembea. Jana alinituma nikuandikie kwamba jina la mtoto anakuachia wewe. Chagua lolote lililo zuri, ndugu yangu, ulitume kwa simu hiyohiyo, lakini nakusihi kwa sasa lisiwe la dada yako. Akilisikia atajua.

Ni mimi,
Twalibu bin Shabani
Kasungwa